Namna ya kupinga maombi ya kupandisha bei ya umeme: mwongozo kwa mtumiaji wa LUKU Dar es Salaam

Elfu kumi ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa mteja wa kundi la T1 (nyumba za kawaida na biashara ndogo), inatoa uniti 28 na kitu. Hesabu yake ni hii: uniti moja shilingi 292, ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji) asilimia 1, unafika shilingi 356.24. Bei ikipanda kwa asilimia 10 tu, elfu kumi hiyo hiyo inatoa uniti 25 na nusu. Uniti mbili na nusu zilizoyeyuka hapo ni friza la mama anayeuza barafu za ukwaju likiwaka kutwa kucha. Naye hawezi kupandisha bei ya barafu, maana wateja wake ni watoto wa shule, na mtoto wa shule haongezewi hela ya matumizi kwa sababu umeme umepanda.

Wengi wetu tunajua bei imepanda siku tunapoingiza tokeni na kuona uniti zimepungua. Siku hiyo umeshachelewa. Kuna kipindi kabla yake ambapo sheria inakupa nafasi ya kusema, hata kama wewe ni mpangaji wa chumba kimoja Mbagala, na nafasi hiyo huwa fupi sana. Ndiyo maana nakuomba usome mwongozo huu sasa, wakati hakuna presha.

Jua nani anaamua

TANESCO, shirika la umeme la taifa, haijipangii bei yenyewe. Kwa Sheria ya EWURA, Sura ya 414, na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, shirika linapeleka maombi EWURA. EWURA inayachambua, inayatangaza, inapokea maoni, inaitisha mkutano wa wadau unaoitwa mkutano wa taftishi, kisha bodi yake inaamua na kutoa amri ya bei.

Tazama yaliyotokea huko nyuma. Mwishoni mwa mwaka 2011 TANESCO iliomba nyongeza ya dharura ya asilimia 155. Ikaruhusiwa asilimia 40.29 kuanzia Januari 15, 2012. Mwaka 2013 iliomba asilimia 67.87, ikapewa 39.19 kuanzia Januari 2014, na hapo ndipo uniti ya T1 ilipotoka shilingi 221 kwenda 306, na ya D1, kundi la wenye matumizi madogo ya nyumbani, ikatoka 60 kwenda 100. Mwaka 2016 iliomba asilimia 18.19, EWURA ikapitisha 8.53. Hiyo ya mwisho haikuanza kabisa, kwa sababu waziri wa nishati wa wakati ule, Profesa Sospeter Muhongo, aliisimamisha siku ya mwisho ya mwaka, na kesho yake Rais Magufuli akatengua uteuzi wa mkurugenzi mtendaji wa TANESCO.

Watu hukumbuka sana kisa hicho cha mwisho, wakakaa wakisubiri mkubwa fulani aingilie kati. Mimi nasema usikitegemee. Mkubwa anaweza asiingilie. Kinachojirudia kwenye hesabu zote tatu ni kwamba mdhibiti hukata, na hukata kipengele kwa kipengele: gharama hii imekubaliwa, hii imepunguzwa, hii imekataliwa. Kazi yako basi ni kuonyesha kidole kwenye kipengele. Bei pia hushuka. Aprili 2016 uniti ya T1 ilifika hizo 292, na ile tozo ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi ikafutwa.

Hatua ya kwanza: anza daftari la LUKU leo

Usisubiri tangazo. Chukua daftari la shule, chora safu nne: tarehe, hela uliyolipa, uniti ulizopata, na siku uniti hizo zilipoisha. Meseji za tokeni usizifute. Kama unanunua kwa wakala, omba risiti. Miezi mitatu inatosha kuanza kusema jambo la maana, sita ni bora.

Kwenye risiti tazama mgawanyo wa makato. Kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021 iandike pembeni, kwenye safu yake. Hiyo ni kodi ya serikali, haiko kwenye maombi ya bei ya umeme, na ukiichanganya na bei ya uniti mbele ya wataalamu watakusahihisha hapo hapo na hoja yako nzuri itafuata mkumbo. Kama inakukera, na mimi nakubali ina maswali yake hasa inapomwangukia mpangaji, mbebee mbunge wako.

Kisha jua uko kundi gani. D1 ni mteja wa majumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, na akizidisha, zile za juu ya 75 ni shilingi 350 kila moja. T1 ni sisi wengine: nyumba za kawaida, maduka, saluni, mafundi wa kuchomelea. Wenye mashine kubwa, kama baadhi ya wenye mashine za kusaga nafaka Manzese na Tandale, wanaangukia T2, ambako kuna tozo ya uniti na tozo nyingine ya kiwango cha juu cha umeme walichovuta kwa mwezi. Maombi hayapandishi makundi yote sawasawa, kwa hiyo usipojua kundi lako hujui unapinga nini.

Hatua ya pili: hesabu ya nyumba ya wapangaji

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu naamini ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ambazo mtu wa Dar es Salaam anaweza kuipeleka mezani, na ni sisi tunaoishi humo tunaoweza kuieleza.

Chukua nyumba ya vyumba sita Manzese, mita moja. Kila chumba kina taa mbili, feni, televisheni ndogo na simu za kuchaji. Tuseme kila chumba kinatumia uniti 25 kwa mwezi, matumizi madogo kabisa, theluthi tu ya kikomo cha D1. Lakini mita haioni vyumba. Mita inaona uniti 150, na mteja wa uniti 150 ni T1. Nyumba inalipa 150 mara 356.24, yaani shilingi 53,436. Familia hizo sita kila moja ingekuwa na mita yake ya D1, uniti zile zile 150 zingegharimu 150 mara 122, yaani shilingi 18,300. Tofauti ni zaidi ya elfu 35 kila mwezi, na wanaoilipa ni watu ambao bei ya D1 iliwekwa kwa ajili yao.

Na wewe mpangaji unajua yanayofuata. Mwisho wa mwezi mama mwenye nyumba anapita na kikaratasi: mwenye pasi aongeze elfu mbili, mwenye friji elfu kumi, mwenye jiko la umeme asubiri maneno. Anayefanya kazi ya ulinzi usiku na kulala mchana na feni anaambiwa yeye ndiye anayemaliza umeme. Ugomvi wote ule chanzo chake ni muundo wa bei.

Kwa hiyo maombi yakija na maneno kwamba "wateja wa kipato cha chini wamelindwa kwa sababu D1 haiguswi", swali lako liwe tayari: wangapi kati ya watu wa kipato cha chini wa jiji hili wako nyuma ya mita ya pamoja, na nyongeza ya T1 itawagusa kwa kiasi gani? Peleka hesabu ya nyumba yako mwenyewe, vyumba vingapi, watu wangapi, uniti ngapi, shilingi ngapi. Pendekeza dawa pia. Mdhibiti anaweza kuombwa kuangalia kikomo cha uniti kwa mita inayohudumia kaya nyingi, au shirika lielekezwe kurahisisha upatikanaji wa mita za vyumba.

Hatua ya tatu: kamata tangazo, kisha yatafute maombi yenyewe

Tangazo hutoka kwenye magazeti na kwenye tovuti ya EWURA. Linataja kiasi kilichoombwa, mahali pa kupeleka maoni, siku ya mwisho ya kuyapokea, na tarehe na ukumbi wa mkutano. Piga picha tangazo hilo, lirushe kwenye makundi ya mtaa, na andika ile siku ya mwisho kwa wino mwekundu. Maoni yaliyofika jana yake yana thamani. Yaliyofika kesho yake hayana.

Halafu omba maombi kamili. Mara nyingi ni kabrasha nene la Kiingereza lenye majedwali. Usiogope. Huhitaji kulisoma lote, na una haki ya kuuliza muhtasari wa Kiswahili. Kama kuna kijana mtaani anayesoma uhasibu au uhandisi chuoni, mwite, mpe chai, mketi naye jioni mbili.

Mnachotafuta ni jedwali la mahitaji ya mapato. Mantiki yake ni kama ya mama lishe anayepanga bei ya sahani. Anajumlisha mchele, mkaa, mafuta, mshahara wa msaidizi, marejesho ya mkopo na faida anayotaka, kisha anagawa kwa idadi ya sahani anazotegemea kuuza. TANESCO nayo inajumlisha ununuzi wa umeme, gesi na mafuta ya mitambo, matengenezo, mishahara, uchakavu, riba na faida ya mtaji, inagawa kwa uniti inazotegemea kuuza. Ukielewa hivyo, maswali yanakuja yenyewe:

Je, uniti wanazotegemea kuuza zimekadiriwa chini? Mama lishe akisema atauza sahani 40 wakati kila siku anauza 60, bei ya sahani itakuwa kubwa bila sababu. Linganisha makadirio yao na mauzo halisi ya miaka iliyopita.

Upotevu wa umeme njiani wameuweka asilimia ngapi? Nyaya chakavu, transfoma zilizozidiwa, watu waliojiunganishia kwa msaada wa vishoka: uniti zote hizo zinalipwa na wewe unayenunua tokeni. Dai kiwango cha upotevu kinachoruhusiwa kwenye bei kishuke mwaka hadi mwaka, na kinachozidi hapo kibebwe na shirika.

Madeni yakoje? LUKU unalipa kabla ya kuwasha taa. Wapo wadaiwa wakubwa ambao hutumia kwanza. Mwezi Machi 2017 Rais Magufuli aliagiza hadharani wadaiwa sugu wakatiwe umeme, taasisi za serikali zikiwamo. Uliza deni ambalo halijakusanywa limeingizwaje kwenye hesabu. Anayelipa mapema asimlipie asiyelipa.

Bwawa la Julius Nyerere limewekwa wapi? Ni megawati 2,115, mashine tisa za megawati 235 kila moja, na mashine ya kwanza ilianza kuzalisha mwaka 2024. Maji ya Rufiji hayanunuliwi kwa dola kama mafuta. Maombi yoyote yanayokuja baada ya bwawa hilo yanapaswa kuonyesha gharama za mafuta na za kununua umeme kwa wazalishaji binafsi zimepungua kiasi gani. Kama hazijapungua, sababu itolewe. Na hapa kuna kanuni muhimu ya Sheria ya Umeme: gharama iliyofidiwa kwa ruzuku au msaada wa serikali au wafadhili haitakiwi kuingizwa tena kwenye gharama za kuendesha biashara ambazo mteja anazilipia. Kila penye mradi uliojengwa kwa fedha za bajeti, uliza ni mkopo au ruzuku. Kadhalika mkopo ambao serikali imeugeuza kuwa mtaji hauna riba ya kumdai mtu.

Mwisho, malipo ya mitambo iliyosimama. Baadhi ya mikataba na wazalishaji binafsi huitaka TANESCO ilipe kila mwezi kwa mtambo kuwa tayari, uwashwe usiwashwe. Uliza mikataba ipi bado ina kipengele hicho na inakwisha lini.

Chagua maswali mawili au matatu unayoweza kuyatetea. Mtu mwenye hoja kumi na mbili husikika kama hana hata moja.

Hatua ya nne: andika barua

Barua ndiyo inayobaki kwenye faili baada ya ukumbi kufungwa. Kurasa mbili zinatosha. Andika kwa Kiswahili, na usitafute maneno makubwa. Mfano:

*YAH: MAONI KUHUSU MAOMBI YA TANESCO YA KUREKEBISHA BEI ZA UMEME*

*Sisi ni wakazi 64 wa mtaa wetu, kata ya Manzese, wateja wa kundi la T1, na majina, sahihi na namba zetu za mita tumeziambatisha. Tunapinga nyongeza iliyoombwa kwa sababu mbili.*

*Moja, jedwali la mauzo linakadiria ukuaji mdogo kuliko wa miaka mitatu iliyopita, bila maelezo. Tunaomba Mamlaka irekebishe makadirio hayo kabla ya kukokotoa bei.*

*Mbili, nyumba 11 kati ya zetu ni za wapangaji wenye mita moja. Kiambatisho cha pili kinaonyesha manunuzi ya miezi mitatu. Tunaomba…*

Ona jinsi kila sababu inavyoishia kwenye "tunaomba". Lalamiko lisilo na ombi halina pa kuwekwa kwenye maamuzi. Takwimu za mfano huu badilisha kwa za kwako, na usiweke tarakimu ambayo huwezi kuonyesha ilikotoka. Ombi la mwisho liwe la akiba: kama Mamlaka itaona nyongeza haikwepeki, basi iwe kwa awamu, na kila awamu ifungwe na sharti la huduma, mfano muda wa kurudisha umeme ukikatika.

Peleka nakala mbili kwa mkono. Moja waachie, nyingine wagonge muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Tuma na barua pepe pia.

Saini za kikundi zina uzito kuliko barua kumi za mtu mmoja mmoja zenye maneno yale yale. Anzia penye watu waliokwisha kujipanga: kikoba, chama cha mafundi, uongozi wa soko, wauza samaki wenye mafriza. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa apewe taarifa mapema, kwa adabu, ili mkutano wenu usionekane wa siri.

Nakala nyingine ipeleke EWURA CCC, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji. Chombo hiki kimewekwa na sheria ile ile ili kumsemea mtumiaji, na huwasilisha maoni yake kwenye mchakato wa bei. Watu wengi hawajui kuwa kipo. Ukikipa ushahidi wa mtaani kwako, kinakuwa na kitu cha kushika kinaposimama mbele ya wataalamu wa shirika.

Hatua ya tano: simama kwenye mkutano wa taftishi

Fika mapema uandikishe jina kwenye orodha ya wasemaji. Dakika utakazopewa ni chache, tatu au tano.

Mara ya kwanza nilipohudhuria mkutano wa aina hii nilisimama nikasema maisha ni magumu, watoto wanashindwa kusoma usiku, serikali ituonee huruma. Ukumbi ulipiga makofi. Nilikaa chini nikiwa nimeridhika. Baada yangu akasimama mzee mmoja, fundi wa kuchomelea, mkononi ana daftari lenye gamba la bluu lililochanika. Akasema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, ukurasa wa jedwali la upotevu, naomba mnieleze kwa nini mwaka huu umeongezeka wakati mwaka jana tuliambiwa mita mpya zitaupunguza." Hakupigiwa makofi. Lakini meza kuu yote iliinamisha kichwa kuandika, na mtu wa shirika akaombwa ajibu palepale. Yote niliyosema mimi yalikuwa kweli, na hakuna aliyekuwa na pa kuyaandika.

Kwa hiyo anza kwa jina lako na unakotoka, sema unapinga, taja jedwali, toa hesabu yako, toa ombi, kaa. Ugumu wa maisha uonyeshe ndani ya hesabu: "natumia shilingi elfu sita kwa siku kuwasha mashine, na faida yangu kwa siku ni elfu nane." Usizomee watumishi wa shirika. Wapo watakaoletwa na mabasi kuja kuunga mkono au kupinga kwa kelele, msiwafuate. Mambo ya nguzo iliyooza au kuchelewa kuunganishiwa yapeleke ofisi ya TANESCO ya wilaya, na usiposikilizwa fungua malalamiko EWURA kwa njia yake ya kawaida, isipokuwa kama unayatumia kuthibitisha kuwa fedha za matengenezo za nyuma hazikufanya kazi iliyoombewa.

Kama huwezi kwenda kwa sababu ya kazi, mpe jirani barua aisome. Kina mama wanaofanya biashara ndogo ndio wanaoumia zaidi na ndio wasioonekana kumbini, kwa kuwa mkutano huwekwa saa za kazi. Changeni nauli na fidia ya siku ya mmoja wao. Hesabu ya friza akiisema yeye mwenyewe ina uzito mwingine.

Hatua ya sita: baada ya uamuzi

Amri ya bei ikitoka, isome na utafute hoja yenu ilijibiwaje. EWURA hueleza sababu za uamuzi wake na huwapa TANESCO masharti ya kutekeleza. Yanakili masharti hayo kwenye lile daftari la LUKU, pamoja na muda uliowekwa kwa kila moja. Maombi yajayo yakifika, swali lenu la kwanza litakuwa masharti yale yametekelezwa au hayakutekelezwa.

Asiyeridhika anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani, chombo kilichoanzishwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na kinachosikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya wadhibiti kama EWURA. Muda wa kukata rufaa ni mfupi na unahesabiwa kwa siku, kwa hiyo msikae kujadiliana mwezi mzima. Nendeni na mwanasheria, au kwenye kituo cha msaada wa kisheria, wiki ile ile amri inapotoka, mkiwa na amri yenyewe, barua yenu, viambatisho vyake, na ile nakala yenye muhuri wa kupokelewa.